Hesabu ya Ndege Zilizotunguliwa: Aulizwe Aliyepoteza

Usiku wa tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaziwa kwamba ndege 185 za Kijerumani zimetunguliwa siku hiyo, katika mapigano yaliyofanyika juu ya London na kusini mwa nchi yao. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, na magazeti ya kesho yake yaliiandika kwa herufi kubwa. Vita vilipokwisha, na vitabu vya jeshi la anga la Ujerumani vilipoangukia mikononi mwa washindi, hesabu ilifanywa upya. Ilionekana kwamba siku ile Wajerumani walipoteza ndege zinazokaribia 60 tu. Katika kila ndege tatu zilizotangazwa, takriban mbili hazikuanguka.

Wako watu ambao wakikutana na tofauti ya namna hiyo hukata shauri mara moja kwamba ulikuwa uongo wa wakati wa vita. Shauri hilo ni jepesi mno, tena linamzuia mtu asione jambo lenye faida zaidi. Kila rubani aliporudi kiwanjani alipokewa na ofisa wa upelelezi, akaulizwa ameona nini, wapi, saa ngapi, na nani mwingine ameona. Majibu yaliandikwa katika fomu, fomu zikapelekwa makao makuu, na huko zikajumlishwa. Katika mlolongo wote huo si lazima apatikane hata mtu mmoja aliyesema uongo. Kosa lilikuwa katika chombo cha kupimia, na chombo chenyewe kilikuwa jicho la mtu aliyekuwa akipigania roho yake.

Upande wa pili hali ilikuwa mbaya zaidi. Kuanzia tarehe 10 Julai hadi tarehe 31 Oktoba 1940, Waingereza walidai kwamba wametungua ndege zinazokaribia 2,700. Vitabu vya Wajerumani vinaonyesha 1,733. Wajerumani walidai zaidi ya 3,000, ilhali ndege za kivita ambazo Waingereza walipoteza ni 915. Ni kweli kwamba madai ya Wajerumani yalichanganya pia ndege za aina nyingine, lakini hata zikitolewa hizo pengo linabaki kubwa.

Tarakimu hizo hazikubaki kuwa mapambo ya magazeti. Mkuu wa upelelezi wa jeshi la anga la Ujerumani, Joseph Schmid, alizitumia kukisia nguvu ya adui. Njia yake haikuwa na utata: alichukua idadi ya ndege ambazo Waingereza walidhaniwa kuwa nazo mwanzoni, akatoa zilizodaiwa kutunguliwa, akaongeza zile zilizodhaniwa kutoka viwandani. Katikati ya Agosti hesabu hiyo ilimwonyesha kwamba Waingereza wamebakiwa na ndege za kivita kama 300 zilizo tayari kuruka. Ukweli ni kwamba walikuwa na zaidi ya mara mbili ya hizo, na viwanda vyao vilikuwa vikitoa ndege zaidi ya 400 kila mwezi. Tarehe 7 Septemba Wajerumani waliacha kuvishambulia sana viwanja vya ndege, wakaugeukia mji wa London. Sababu za uamuzi huo zilikuwa nyingi, mojawapo ikiwa hasira ya kulipiza mashambulio ya Berlin. Lakini imani kwamba adui yu karibu kuishiwa ilikuwa nguzo mojawapo. Siku nane baadaye, wale waliokwisha kuambiwa kwamba Waingereza wamebakiwa na ndege za kuhesabika walilakiwa juu ya London na mamia ya ndege. Tarehe 17 Septemba Hitler aliahirisha mpango wa kuivamia Uingereza.

Hapana budi kueleza kwa nini jicho la rubani hukosea, maana bila hivyo lawama zitawaangukia wasiostahili. Ndege aina ya Spitfire ilikuwa na bunduki nane za rashasha, na risasi zake zote zilitosha kufyatuliwa kwa muda wa sekunde kama 15 tu. Rubani alizitumia kwa vipindi vya sekunde mbili au tatu, akienda mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Aliyekaa akaangalia kama ndege aliyoipiga imefika chini alikuwa anajiandikia kifo, kwani mwenziwe adui angemjia kwa nyuma. Kwa hiyo aliyoyaona yalikuwa mwanzo wa jambo: moshi, kipande cha bati kilichong'oka, ndege iliyoinamisha pua na kuzama mawinguni. Mwisho wa jambo aliukisia.

Tena baadhi ya dalili hizo zilikuwa za kudanganya kwa asili yake. Ndege ya Kijerumani aina ya Messerschmitt 109 ilikuwa na injini ambayo petroli iliingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu, ambapo injini ya Spitfire wakati huo ilitegemea kabureta. Rubani wa Kijerumani aliyetaka kukimbia aliinamisha pua ghafula na kufungulia injini nguvu zote. Ndege yake ikatoa moshi mweusi na kushuka kama jiwe. Mwingereza aliyejaribu kumfuata kwa namna hiyo hiyo injini yake ilikata kwa muda kidogo, kwa sababu mafuta hayakufika vema kwenye kabureta. Basi alichokiona ni ndege aliyoifyatulia risasi ikiporomoka huku ikifuka moshi, kisha ikatoweka. Nani angemlaumu kwa kuandika kwamba ameiangusha? Na yule Mjerumani alikuwa kiwanjani kwake Ufaransa akinywa kahawa.

Kisha likaja kosa la wengi kukiona kitu kimoja. Marubani watatu wanaweza kuishambulia ndege moja ya mabomu kwa zamu katika muda wa dakika mbili, kila mmoja asijue habari za wenziwe, na wote watatu wakaiona inawaka. Ndege ni moja, fomu ni tatu. Watu wakizidi kuwa wengi katika pigano, ndivyo madai yanavyozidi kuachana na ukweli, kwa kuwa macho yanaongezeka na vitu vya kuonwa ni vile vile.

Hakuna mahali ambapo jambo hilo lilidhihirika kuliko katika ndege za mabomu za Marekani zilizoshambulia kutoka Uingereza. Ndege aina ya B-17 ilichukua watu kumi na ilikuwa na bunduki za rashasha zaidi ya kumi zilizoelekezwa kila upande. Ndege 18 au 21 zilisafiri pamoja kwa mpango maalumu ili bunduki zao zilindane. Adui mmoja aliyepita katikati yao alifyatuliwa risasi na makumi ya watu kwa wakati mmoja, na alipoanguka kila mmoja wao alikuwa na haki ya kuamini kuwa ni risasi yake. Tarehe 9 Oktoba 1942 ndege 108 za mabomu zilitumwa kuushambulia mji wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, na nne hazikurudi. Wapiga bunduki walidai kwamba wameangusha ndege 56 za kivita, 26 nyingine huenda zimeanguka, na 20 zimeharibiwa. Wakubwa wenyewe walishtuka. Madai yakachujwa, yakashuka hadi 25. Yakachujwa tena, yakawa 21. Vitabu vya Wajerumani vilipofunuliwa baada ya vita vilionyesha kwamba siku ile hawakupoteza zaidi ya ndege moja au mbili.

Habari hii ya Lille inastahili kutazamwa kwa makini kuliko nyingine zote. Wale maofisa waliochuja hawakuwa wavivu. Walitunga masharti: ndege ihesabiwe kuwa imeanguka ikiwa tu imeonekana ikiteremka huku imefunikwa na moto kabisa, au imeonekana ikipasuka vipande, au rubani wake ameonekana akiruka kwa mwavuli. Lakini masharti yote hayo yalichekecha ushahidi ule ule wa watu wale wale. Ukichekecha mchele uliochanganyika na mawe ya ukubwa wa punje, mawe yatapita pamoja na mchele. Kilichotakiwa kilikuwa chanzo kingine cha habari, kisichotegemea kabisa macho ya wapiga bunduki.

Gharama yake ilikuja kulipwa mwaka uliofuata. Tarakimu za wapiga bunduki, hata baada ya kupunguzwa, zilisaidia kuitia nguvu imani kwamba ndege za mabomu zikisafiri katika kundi zinaweza kujilinda zenyewe, hata mahali ambapo ndege za kuzisindikiza hazifiki. Tarehe 17 Agosti 1943 zilitumwa ndege 376 kuishambulia miji ya Schweinfurt na Regensburg, ndani kabisa ya Ujerumani. Zilipotea 60. Wapiga bunduki walidai kuwa wameangusha 288; Wajerumani walikuwa wamepoteza kama 27 hivi. Tarehe 14 Oktoba mwaka ule ule Schweinfurt ilishambuliwa tena, na ndege nyingine 60 hazikurudi. Katika kila moja ya ndege hizo 120 mlikuwa na watu kumi. Ndipo safari za mbali zisizosindikizwa zikasimamishwa, hadi ndege za kivita zenye uwezo wa kwenda masafa marefu zilipopatikana kwa wingi mapema mwaka 1944.

Sasa, chanzo hicho kingine ni kipi? Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchungaji aliyevamiwa usiku hahitaji kuwauliza wavamizi wamechukua ng'ombe wangapi. Kukipambazuka atahesabu zizini. Vivyo hivyo, idadi ya ndege zilizoanguka inajulikana kwa aliyepoteza. Haijulikani kwake kwa sababu yeye ni mkweli kuliko mwenziwe, bali kwa sababu kikosi kilichopoteza ndege tano kinataka ndege tano nyingine, marubani wengine na vipuri vingine, na karani wa ghala hatoi kitu bila hati. Katika redio serikali yaweza kusema itakavyo. Lakini taifa linaloidanganya ghala yake mwenyewe litajikuta halina ndege za kurusha kesho.

Wajerumani walikuwa na utaratibu mzuri wa hati za namna hiyo. Kila ndege iliyopata madhara iliandikwa tarehe, kikosi, aina, namba ya kiwandani, mahali, majina ya waliokuwamo, na kiasi cha uharibifu kwa asilimia. Iliyofikia asilimia 60 au zaidi ilihesabiwa kuwa imepotea, na iliyo chini ya hapo ilitazamiwa kutengenezwa. Vitabu hivyo vina kasoro zake: baadhi ya vile vya miaka ya mwisho ya vita havikuonekana tena, na ndege iliyoandikwa asilimia 40 leo yaweza kupandishwa baadaye. Hata hivyo vilitungwa kwa ajili ya kazi ya ndani, havikutungwa ili mtu avisome na kufurahi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Upande wa Wamarekani, tangu mwaka 1943 kila ndege isiyorudi iliandikiwa taarifa maalumu, ambayo ilipasa kutolewa katika muda wa siku mbili. Taarifa hiyo ilitaja namba ya ndege, namba za injini zake, namba za bunduki zake, majina ya watu wote, hali ya hewa, na mahali ilipoonekana mara ya mwisho; iliambatanishwa na ramani pamoja na maneno ya walioshuhudia kutoka ndege za jirani. Baada ya vita wale waliorudi kutoka kifungoni waliongeza maelezo yao. Zipo taarifa zaidi ya 16,000 za namna hiyo, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuzisoma.

Kwa kuwa hati za pande zote mbili zinapatikana sasa, wapenzi wengi wa historia ya anga wamejitia katika kazi ya kuoanisha: kulichukua dai moja la rubani wa Kijerumani, lenye saa, mahali na kimo, na kulitafutia ndege yake ya mabomu miongoni mwa zilizopotea. Kazi hiyo ni ya maana na wengine wameifanya kwa ustadi wa kustaajabisha. Lakini ina mtego, na waliotumbukia ndani yake si wachache. Mtego wenyewe ni hamu ya kujaza kila mstari wa jedwali.

Siku ile ya Agosti 1943 yatosha kuwa mfano. Ndege zilizopotea ni 60, na madai ya marubani wa Kijerumani yalizidi hapo. Kwa hiyo kabla kazi haijaanza inajulikana kwamba yako madai yasiyo na ndege. Aidha, Wajerumani waliitambua aina ya ushindi iliyokuwa ya kuiharibu ndege ya mabomu hata ikalazimika kuliacha kundi lake. Rubani aliyefanya hivyo alipewa alama mbili, aliyeiangusha moja kwa moja alipewa tatu, na aliyekuja kuimaliza ile iliyokwisha kujeruhiwa alipewa moja. Ndege moja, basi, iliweza kwa mujibu wa sheria zao wenyewe kuwaletea marubani wawili sifa mbili. Asiyelijua hilo atazihesabu kuwa ndege mbili. Na mizinga ya kutungulia ndege nayo ilikuwa na madai yake, ikichorwa mkanda kwa kila ndege iliyosemekana kuanguka, huku tume zikikaa kuamua mabaki ni ya nani.

Zaidi ya hayo, lile kundi lililoishambulia Regensburg halikurudi Uingereza, bali lilivuka milima ya Alpi kwenda Afrika Kaskazini. Baadhi ya ndege zake ziliishiwa mafuta zikatua juu ya maji ya Mediterania. Mbili ziliteremka Uswisi, nchi isiyokuwa vitani, zikazuiliwa huko pamoja na watu wake. Zote hizo zimo katika hesabu ya ndege zilizopotea. Je, nani aliiangusha ndege iliyopigwa na kombora la mzinga mpakani, ikafyatuliwa risasi na marubani watatu, injini moja ikazimika, ikatumia mafuta mengi kwa kujikokota, na hatimaye ikazama baharini saa nyingi baadaye? Swali lenyewe ndilo lenye kasoro, kwa kuwa linataka jina moja pale ambapo sababu zilikuwa tano. Anayelijibu kwa kuandika jina la rubani mashuhuri aliyekuwa karibu kwa saa na mahali anarudia kosa lile lile la rubani wa mwaka 1940: ameona mwanzo, akakisia mwisho.

Mstari usio na jibu yafaa uachwe wazi. Jedwali lenye nafasi 25 tupu katika 60 ni kazi ya kisayansi iliyo bora kuliko jedwali lililojazwa lote, mradi sababu ya kila nafasi tupu imeelezwa. Wachapishaji hawapendi hivyo, na wanunuzi wa vitabu vya mashujaa hawapendi zaidi. Yupo pia anayeona kwamba kuyachunguza madai ni kuwavunjia heshima watu walioweka roho zao rehani. Hoja hiyo haina nguvu. Ujasiri wa rubani ulikuwa katika kuruka na kushambulia. Haukuwa katika kuhesabu, na hakuna aliyemtuma kuwa karani angani. Marmaduke Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeuawa juu ya Athens tarehe 20 Aprili 1941, husemwa kuwa alitungua ndege 40, na wengine husema zaidi ya 50. Karatasi za kikosi chake zilipotea Waingereza walipokimbia kutoka Ugiriki. Kwa sababu hiyo idadi kamili haitajulikana, na sifa yake miongoni mwa waliopigana pamoja naye haikupungua kwa hilo.

Wenye haki kubwa ya kuzidai hesabu hizi ni jamaa za waliopotea. Wamarekani zaidi ya 70,000 wa vita ile bado hawajulikani walipo, na sehemu yao walikuwa ndani ya ndege za mabomu. Jamaa hawaulizi rubani gani alipata alama ngapi. Wanauliza ndege ilianguka wapi, nani alitoka, nani alibaki ndani. Oanisho lililolazimishwa huwaelekeza wachimbaji kwenye shamba lisilo lake, na kuifunga habari ambayo ingepasa kubaki wazi hadi ushahidi upatikane. Ushahidi huo bado hupatikana, hata baada ya miaka 80. Mkulima analima, jembe linagonga chuma, na juu ya kizibo cha injini au ubavu wa bunduki kuna namba. Namba hiyo hutafutwa katika zile taarifa za mwaka 1943 na 1944, na ikipatikana, majina kumi yaliyoandikwa kando yake hupata mahali. Jina la aliyeipiga ndege halimo katika karatasi hiyo, na mara nyingi halimo katika karatasi yoyote.